Gari Likasi, Batri Sakania

Sakania, tarehe 9 Januari 1975

Kwa Bibiane,

Nakusalimu wewe na wadogo zako. Huku mvua imekataa kwisha, mahindi yanaoza shambani, na mguu wangu umevimba tena. Mwanangu Germain ameajiriwa kwenye treni, kazi ya kudumu. Tunamshukuru Mungu.

Nakuandikia wewe kwa sababu umesoma, na kwa sababu mama yako hajibu. Tulipomzika kaka yangu Cyrille nilisema maneno mbele ya watu wote, na mama yako Colette alijifanya hayasikii kwa sababu ya kulia. Sasa nayaandika. Kwetu mali inafuata tumbo. Mimi na baba yako tulitoka tumbo moja. Ninyi mmetoka tumbo la mama yenu. Anayerithi jina la Cyrille na vitu vyake ni mpwa wake Germain, basi ile kamioneti yake, gari la mizigo la Peugeot, ni ya Germain. Itakaa kwenu Kikula, nyuma ya nyumba, mpaka matanga yaondolewe, maana gari la marehemu haliwashwi wala halilii kabla ya siku hiyo. Siku ikifika mrithi ataingia, atageuza ufunguo, na gari litalia mbele ya ukoo. Ndivyo alivyokata shauri Babu Barthélemy wa Kapolowe, na katika ukoo wetu hakuna mkubwa kuliko yeye.

Nikisikia limelia hata mara moja, nitajua mmelitembeza. Na siku ya matanga lisipolia, nitajua mmeliharibu.

Ni mimi, dada ya baba yako,
Mathilde


Likasi, tarehe 30 Januari 1975

Mama Shangazi Mathilde,

Pole na mguu, pole na mahindi. Sisi tunaendelea. Mdogo wangu Élise alipata surua, sasa anacheza. Mama bado anavaa nyeusi na kulala chini kama desturi inavyotaka. Anakusalimu. Kwa kweli hakusema hivyo, lakini nafikiri angesema kama angekuwa na nguvu. Mimi nilimaliza shule kwa masista mwezi wa saba na sasa niko nyumbani.

Mama Shangazi, kuna neno ninaloogopa kukuambia, lakini nikinyamaza kitu kitaharibika. Umetaka gari lisilie, na umetaka siku ya matanga lilie. Gari likikaa bila kulia, batri yake hulala polepole, hata kama hakuna aliyeigusa. Ikilala muda mrefu, bamba za ndani hushika unga mgumu mweupe, na hapo haiamki tena.

Baba alipokuwa akienda Mwadingusha kwenye kazi ya bwawa la umeme, alikaa huko majuma mengi, na batri aliniachia mimi. Alinifundisha kufungua kwanza waya wenye alama ya kutoa, halafu ule wa kujumlisha. Naitoa, naisimamisha juu ya ubao mahali pakavu penye hewa, napangusa vichwa vyake viwili. Naangalia maji katika kila tundu. Yakipungua naongeza maji ya batri yanayouzwa garaji, si ya bomba wala asidi. Na kila mwezi naipeleka kwa Nicolas, mwenye garaji karibu na soko, aichaji taratibu.

Nitafanya hivyo tena. Gari halitalia. Batri peke yake ndiyo itakayotembea.

Naomba pia kujua Germain mwenyewe anasemaje. Hajatuandikia.

Mtoto wako,
Bibiane


Sakania, tarehe 2 Aprili 1975

Bibiane,

Nakusalimu. Mguu haujapona. Barua yako ilikaa posta kwa sababu juu ya bahasha uliandika Mathilde. Karani akaniuliza mbele ya watu tangu lini nimekuwa Mzungu. Nchi imeacha majina hayo ya Kizungu. Juu ya bahasha andika Mwansa. Ndani niite upendavyo.

Hukuomba ruhusa, ulijipa mwenyewe bila kungoja jibu. Mtu wa kwetu alipita Likasi akaiona batri ya kaka yangu katika garaji ya Nicolas, katikati ya batri za watu, imefungwa nyaya kama mbuzi wa sokoni. Amekuja kuniuliza hapa mlangoni, “Mama, munauzisha bintu ya mufu na matanga haiyaisha?” Mimi, kuuza vitu vya mfu! Nilikosa pa kuweka uso.

Nani ataniambia kwamba inayorudi ni ile iliyokwenda? Garaji ni mahali pa kubadilishiana. Unaacha ng'ombe, unarudi na kamba.

Nimezungumza na Babu Barthélemy, amekubali. Gari likae Likasi, batri ikae Sakania. Ninyi hamtaweza kuliliza, na sisi hatutaweza kulichukua. Germain atapita na treni. Mpe batri mkononi, na usimpe mafundisho.

Mathilde


Likasi, tarehe 22 Aprili 1975

Mama Shangazi Mathilde (na juu ya bahasha, Mwansa),

Tunakusalimu. Pole tena na mguu. Kuku wetu wawili wamekufa, mmoja amebaki.

Germain alifika. Mama alimwekea kiti lakini alikunywa maji akiwa amesimama. Nilimuuliza, kama mtu anavyomwita kaka mkubwa, “Yaya Germain, weye unataka hii gari?” Akatazama viatu vyake. “Mama njo anataka,” alisema, yaani ni wewe unayelitaka. “Minye niko na treni yangu.” Mama akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Nakuandikia kama nilivyosikia.

Ulisema nisimpe Germain mafundisho, na sikumpa. Nakupa wewe. Batri isimame wima, isilazwe. Isifungiwe mahali pasipo hewa. Isikae na nguo, kwa sababu maji yake yanakula kitambaa na ngozi. Isikae karibu na jiko. Na kila mwezi lazima ichajiwe, hata kama inaonekana haina shida. Haionyeshi shida mpaka siku unapoihitaji.

Nilimkabidhi ikiwa imejaa. Nicolas aliipima mbele yake. Tangu siku ile iko mikononi mwako, si mwangu.

Bibiane


Sakania, tarehe 25 Juni 1975

Bibiane,

Nakusalimu wewe, Élise, na kuku aliyebaki. Baridi imeanza. Germain hajambo. Maneno uliyomtia mdomoni sikuyasoma.

Babu ameweka siku. Matanga ya Cyrille yataondolewa Likasi, kwenu, Jumamosi tarehe 23 Agosti. Ukoo wote utakuja.

Kuhusu batri, iko salama kuliko ingekuwa kwenu. Sijaipeleka kwa fundi yeyote na sitaipeleka. Anayejua ilipo ni mimi na ufunguo wa sanduku.

Neno dogo. Batri ikitoa jasho, ni kawaida?

Mathilde


Likasi, tarehe 5 Julai 1975

Mama Shangazi,

Nisamehe, salamu zitafuata siku nyingine. Barua hii naipa mtu wa treni ili isikae posta.

Si jasho. Ni asidi. Maana yake umeilaza ubavu. Isimamishe leo hii. Itoe sandukuni. Usiishike kwa mikono mitupu, tafuta matambara mazito. Pale ilipovuja mwagia maji mengi, kisha pangusa kwa magadi yaliyokorogwa. Isikaribie macho yako. Halafu mwombe mtu wa stesheni akuonyeshe mahali pa kuichaji, kabla hujachelewa. Ukiogopa kwamba wataibadilisha, kaa palepale uitazame. Wakupe kiti.

Ndani ya sanduku kuna nini kingine? Kama kuna nguo, zitoe.

Bibiane


Sakania, tarehe 30 Julai 1975

Bibiane,

Watu waliolelewa huanza na salamu. Mimi nakusalimu.

Nani amekuambia kuna jasho? Niliuliza kama mtu anavyouliza habari ya mvua. Nani amekuambia kuna nguo? Msichana wa juzi anataka kunifundisha namna ya kukaa na sanduku langu mwenyewe. Nikakae stesheni kwenye kiti, nilinde batri kama mgonjwa, watu wapite wakicheka? Ndivyo masista walivyokufundisha?

Hakuna kilichoharibika. Batri inapumzika. Baba yako naye alikuwa akirudi safarini analala siku nzima, na aliamka.

Mwambie Colette aandae unga wa kutosha na munkoyo wa kunywa. Ukoo utavaa kitenge kimoja, kile cha majani ya buluu. Mimi sitakivaa, nitavaa kingine. Usiniulize kwa nini.

Mathilde


Sakania, tarehe 6 Septemba 1975

Kwa Bibiane na Colette pamoja,

Mmefurahi.

Mwanangu aliketi penye usukani mbele ya ukoo, amevaa suti ya kuazima. Akageuza ufunguo. Tik. Akageuza tena. Tik. Mara ya tatu hata hiyo tik ikakosekana. Babu Barthélemy akavua kofia, akasema, “Cyrille anakatala.” Wanawake wakapiga mayowe. Germain akatoka ndani ya gari kama mwanafunzi aliyepigwa. Sikungoja chakula chenu, niliondoka.

Habari imefika Sakania kabla yangu. Wanasema Germain amekataliwa na mjomba wake aliyekufa, na mtu hakataliwi bure, lazima alifanya jambo. Kwenye treni wenzake hawaweki tena mkono katika sahani moja naye. Baba wa mchumba wake ameomba tungoje kwanza. Germain hanilaumu. Anakaa tu uani na kutazama ukuta.

Na wewe, Bibiane. Ulisimama nyuma ya mama yako, midomo inatikisika. Ulikuwa unasema nini? Watu wa Likasi mnajua dawa, tangu zamani.

Lakini mimi si mjinga. Najua kwamba batri ilikufa. Andika kwa Babu, mwambie hivyo, kwamba ni batri na si Cyrille. Wewe ndiye uliyesoma, atakuamini. Usiandike zaidi ya hayo.

Mathilde


Likasi, tarehe 21 Septemba 1975

Mama Shangazi Mathilde,

Tunakusalimu. Élise ameanza shule. Mama ameacha nguo nyeusi na anajifunza tena kula chakula cha mchana.

Umeniita mchawi, na baada ya mistari miwili umeniomba msaada. Nitajibu yote mawili.

Midomo yangu ilitikisika kwa sababu nilitaka kusema na sauti haikutoka. Mbele ya watu wengi haitoki, tangu utoto, na wewe unanijua. Germain alipokuwa anaifunga batri, niliona unga mweupe umeota juu ya vichwa vyake na ubavu mmoja umefanya magamba. Nilikutazama. Wewe ukatazama masufuria.

Hujui yaliyotokea baada ya kuondoka kwako, basi nakuambia. Babu alisema marehemu amekwisha kuchagua, gari libaki kwa Colette. Mama alipiga magoti kushukuru. Kesho yake Nicolas alituazima batri nyingine na gari likalia papo hapo. Mama alikuwa na mpango wa kufuata samaki Mwadingusha na unga Kapolowe, alete sokoni hapa. Hatuna njia nyingine ya kuishi. Alikwisha kupata dereva. Dereva akaja, akaweka ufunguo mezani.

“Mama Colette, unirehemu,” alisema. “Bwana yako eko ndani. Kama alikatala mwipwa wake, mutoto wa dada yake kabisa, minye mutu wa inje atanifanya nini?”

Mama akamwambia ilikuwa batri tu.

“Eeh, batri! Batri gani inajua majina ya bantu?”

Wamama wa samaki nao walikataa. “Samaki yetu haipande mu gari ya mufu. Nani atanunua?” Mmoja akasema, “Tutauzia bafu wenzake,” yaani wafu, na wote wakacheka mpaka wakashikana mabega, mama yangu amesimama hapo. Gari lina batri nzima, lina petroli, na limekaa nyuma ya nyumba kama kaburi.

Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Baba alikuwa akipakia kila mtu aliyemkuta barabarani, hata asiyemjua jina. Bibi vizee walikuwa wakipanda nyuma na kuku zao na kumwambia aende polepole, naye alikwenda polepole. Sasa watoto wa Kikula wakipita penye ua wetu wanakimbia. Wanamkimbia baba yangu. Hakumkataa mtu hata mmoja maisha yake yote, na ninyi mmemfanya zimwi kwa sababu hukutaka kukaa kwenye kiti stesheni.

Barua ya nusu sitaiandika. Nikisema batri ilikufa tu, watauliza ilikufia wapi, na utawaacha wafikiri ni kwetu. Nenda Kapolowe wewe mwenyewe. Simama mbele ya Babu na wakubwa, useme ilikaa wapi na ilikaaje. Niite, nitakuja, na safari hii nitasema hata kama sauti itatoka kama ya kifaranga. Baada ya hapo Babu akikata kwamba gari ni la Germain, nitampa ufunguo kwa mkono wangu.

Nilimsomea mama maneno haya ya mwisho. Alichambua mchele mpaka ukaisha. Kisha akasema, “Peleka.”

Bibiane


Sakania, tarehe 4 Oktoba 1975

Bibiane,

Nakusalimu. Mguu unauma. Hapana.

Mathilde


Likasi, tarehe 26 Oktoba 1975

Mama Shangazi,

Nakusalimu. Mvua ya kwanza imenyesha.

Nimeitoa batri kwenye gari, nimeisimamisha juu ya ubao. Mimi naweza kuitunza hivi mpaka nywele zangu ziwe nyeupe. Je, Germain ataweza kula peke yake muda huo wote?

Bibiane


Sakania, tarehe 14 Desemba 1975

Bibiane,

Nakusalimu. Mguu umepungua. Mahindi mapya yameota vizuri.

Nimetoka Kapolowe. Sikukuita. Kama ni aibu, nilitaka kuinywa bila wewe kunishikia kikombe.

Babu aliwakusanya wakubwa, na Germain alikuwapo. Nilisimama. Nikasema batri ilikaa ndani ya sanduku langu la bati, imelala ubavu, imefungwa kwa ufunguo, tangu Aprili mpaka asubuhi ya safari. Nikasema sikuipeleka kuchajiwa kwa sababu sikumwamini fundi yeyote duniani. Nikasema ilikula vitenge vyangu vyote vilivyokuwa chini yake, na kile cha majani ya buluu kilibaki nyuzi. Nikasema niliona unga ule mweupe nikaukwangua kwa kisu, nikaifunga batri kwa kitambaa nikaja nayo Likasi, nikiomba njia nzima iamke.

Babu akaniuliza, “Na ule mutoto wa Colette hakukuambia?”

“Aliniambia.”

“Mara ngapi?”

“Kila barua, Babu.”

Wakacheka. Wakubwa wazima, wenye meno na wasio na meno. Germain akacheka pia, mwanangu wa kumzaa, akainama mpaka kofia ikaanguka. Tangu Agosti sikuwa nimemsikia akicheka. Nilimwacha acheke.

Babu akakata upya. Germain atachukua jina la mjomba wake, bunduki na baiskeli. Akamuuliza kuhusu gari, na Germain akajibu mbele ya wote kwamba hakulitaka tangu mwanzo. Sikuwa tena na mdomo wa kumjibia. Gari ni la Colette. Babu mwenyewe atakuja Likasi baada ya Krismasi, atapanda mbele, kando ya dereva, mpaka Mwadingusha na kurudi, ili wamama wa samaki waone kwamba ndani hakuna mtu. Mtayarishieni mto wa kukalia, mgongo wake ni mbaya.

Usidhani tumepatana. Uliniandikia maneno ambayo mtoto haandiki. Mama yako siku ya matanga aliniacha niende zangu, hakumtuma mtu anirudishe. Sitakuja kwenu Krismasi, nanyi msije kwangu.

Najua Colette ataleta biashara mpaka huku Sakania, maana huku mpakani ndiko unga uliko. Nyumba yangu iko palepale kando ya barabara. Asisimame. Akisimama, sitatoka. Lakini Cyrille hakupita hata siku moja hapa bila kupiga honi. Basi apige.

Mathilde